Nyuma ya wimbo wa bure kuna nani?

SEHEMU YA 1: Nesi na muziki wapi na wapi?

Wiki hii tunapumzika kidogo mambo ya lishe na chanjo, tuongee historia. Historia ya namna muziki ulivyotufikia huku Bukiriro, Ngara yote na majirani zetu wa Biharamulo, na namna ulivyobadilisha tunavyonunua vitu.

Najua mtauliza, nesi na muziki wapi na wapi? Sikilizeni. Siku hizi maswali mengi ya kliniki yanaanzia kwenye simu. Mama alikuwa anatafuta kwaya yake mtandaoni, likajitokeza tangazo la dawa ya "kusafisha kizazi". Mwingine alikuwa anamwekea mtoto katuni yenye nyimbo ili apike, akaona maziwa ya kopo yanasifiwa kuliko ya kwake. Anakuja ananiuliza: "Nesi, hii ni kweli?" Ukifuatilia nyuma, mlango ulikuwa wimbo.

Sasa nikiangalia nyuma naona jambo hili si geni. Wimbo wa bure haukuanza na simu. Na mara nyingi umekuja na mwenzake: kuna mtu amelipa ili ukufikie, na aliyelipa ana lake la kusema wimbo ukiisha. Mara nyingine ni jema, mara nyingine ni baya sana. Ndiyo hadithi ya wiki hii.

Tuanzie zamani. Kabla ya redio, wimbo haukuweza kusafiri bila mwimbaji. Ukitaka muziki wa harusi, lazima watu waje. Na wakija wanakula, wanakunywa pombe ya ndizi, wanalala kwako. Aliyelipa unamjua, ni baba wa harusi. Aliyeimba unamjua, ni shangazi yako. Maneno ya wimbo yakikukera unamfuata mwenyewe.

Wimbo ulianza kutengana na mwimbaji pale mashine za kurekodi zilipoingia. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, aliyekuwa akifanyia kazi zake Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika akirekodi. Alifika mpaka kwa Wahaya, ndugu zetu wa mkoa huu, akarekodi wapiga nanga. Rekodi hizo zimetunzwa Afrika Kusini hadi leo. Mpiga nanga alibaki kwake, wimbo wake ukaenda zake.

SEHEMU YA 2: Wimbo, halafu choo

Redio ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Baada ya uhuru serikali iliichukua, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile wazazi wetu waliyoiita RTD. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa redio ya taifa Tanzania bara, hapakuwa na ya kushindana nayo.

RTD ilifanya kitu kikubwa kwa muziki wetu: ilirekodi bendi. Nchi haikuwa na biashara kubwa ya kutengeneza santuri, nyingi zilitengenezwa Kenya. Basi bendi zikaenda studio za redio, zikarekodiwa, nyimbo zikarushwa nchi nzima. Bendi nyingi zenyewe zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya ofisi.

Kwa hiyo mzee wa Bukiriro mwenye redio ya betri alipata Kiswahili cha Dar es Salaam na magitaa yake bila kulipia wimbo hata mmoja. Nani alilipa? Serikali. Na serikali ilisema nini wimbo ukiisha?

Hapa ndipo mimi kama muuguzi naipenda historia hii. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kitabu kidogo, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kusafisha visima, kufyeka majani karibu na nyumba ili mbu wasipate pa kujificha. Inakadiriwa watu wazima kama milioni 2 walishiriki. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Miaka miwili baadaye, 1975, ikafuata "Chakula ni Uhai", ya lishe.

Watu walikuwa wameshazoea kukaa karibu na redio kwa sababu ya muziki. Serikali ikatumia mazoea yaleyale kuwaambia wachimbe choo. Ni kweli pia redio hiyohiyo ilipiga siasa za chama kimoja asubuhi hadi usiku, na ambaye hakuzipenda hakuwa na pa kwenda. Lakini angalau kila mtu alijua ile ni sauti ya nani. Ilijitangaza yenyewe kila saa.

SEHEMU YA 3: Redio ya jirani

Sehemu hii ni nzito. Mama mwenye mtoto mdogo pembeni, isome kimoyomoyo.

Sisi wa Ngara tupo mpakani na Burundi na Rwanda. Mawimbi ya redio hayana pasipoti. Na Kihangaza chetu kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo redio za jirani tunazielewa.

Julai 1993 Rwanda ilianzishwa redio ya binafsi iliyoitwa RTLM. Waliochunguza historia yake wanaeleza kwamba haikuanza kwa kutisha watu. Ilianza kwa kuchangamka. Redio ya serikali kule ilikuwa ya kikakamavu, hii ikaja na muziki wa kisasa wa Kikongo, watangazaji wenye utani, watu wa kawaida wakipiga simu. Vijana wakaipenda. Chuki iliingia katikati ya nyimbo, kidogokidogo, mpaka Aprili 1994 ikawa inahimiza watu wauawe.

Mengine tunayajua kwa sababu yalifika mlangoni kwetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa kama 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Waliokuwa wauguzi wakati ule wakikusimulia habari za kipindupindu na kuhara damu, unanyamaza tu.

Mwaka 1995 Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapahapa Ngara. Kwizera, kwa lugha za huku, ni kuamini, kuwa na matumaini. Ilitangaza kwa lugha ambazo wakimbizi na wenyeji walizielewa: habari, afya, elimu, amani, na muziki. Kumbuka ni chombo kilekile, redio. Na chambo kilekile, muziki. Tofauti ilikuwa nani yuko nyuma na anataka nini.

Kwa hiyo mtu akikwambia "ah, ni nyimbo tu, zina madhara gani?", mwambie sisi watu wa Ngara tulishaona.

SEHEMU YA 4: Kanda, kalamu na memori kadi

Tuchangamke kidogo. Nani anakumbuka kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri? Haya, umri wenu umejulikana.

Kanda ya kaseti ilitengenezwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ilileta kitu ambacho santuri haikuweza: mtu wa kawaida kunakili mwenyewe. Ukiwa na redio ya kanda mbili, wimbo mmoja unakuwa miwili. Mjini kulikuwa na maduka ya kazi hiyo, unapeleka kanda tupu na orodha ya nyimbo, jioni unachukua.

Huku kwetu kanda zilileta Wakongo, zilileta wa Burundi, na zilileta kwaya. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, Tabora, ilitoka kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mwaka 1972, na nyimbo zake zikajulikana nchi nzima. Kwaya ya AIC Makongoro ya Mwanza nayo ilipigwa kwenye nyumba nyingi. Kanda zilitembea kwenye mabasi na kwenye mikoba ya watu wanaotoka misibani. Zilipita mkono kwa mkono kuliko zilivyopita dukani.

Tuangalie namna tulivyonunua wakati ule. Kanda ilinunuliwa mara moja, ikapigwa miaka. Iliazimwa, ikarudi, ikakatika, ikaungwa kwa selotepu. Mama mwenye nyumba alijua kanda zote zilizomo ndani, kwa sababu zote zilipigwa sebuleni kwa sauti.

Mwanamuziki ndiye alikuwa analia. Kanda ikinakiliwa mara mia, hapati kitu. Mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ikazaa COSOTA, ambayo sasa inaitwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Sasa oneni maajabu: mwaka huohuo wa 1999, kijana wa Marekani wa miaka 18, Shawn Fanning, akatoa programu iliyoitwa Napster. Watu wakaanza kurushiana nyimbo kwenye intaneti bila kulipa, mamilioni kwa mamilioni. Mahakama ikaibana, ikafungwa 2001, lakini mlango ulikuwa umeshavunjika. Sheria yetu ilikuwa inafukuzana na kanda wakati wimbo umeshageuka kuwa kitu unachoweza kumpa mwenzako na bado ukabaki nacho.

Sisi intaneti ilichelewa, ila kunakili hakukutusubiri. Ilikuja CD ya nyimbo mia moja na kitu. Ikaja simu yenye memori kadi. Kila soko likawa na kijana mwenye kompyuta anayekuingizia nyimbo: unasema "niwekee za dini na za zamani kidogo", unalipa hela ndogo, unaondoka na nyimbo ambazo kwa kanda ungezipata kwa miaka kumi. Nyumbani mnarushiana kwa bluetooth, baadaye Xender, baadaye WhatsApp.

Upande wa redio, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, Radio One ikaanza 1994, nyingine zikafuata. Nyuma ya wimbo sasa hakuna chama, kuna sabuni, mafuta ya kupaka na bia. Hapo Bongo Fleva ikakua, maana vijana walipata pa kusikika bila kuajiriwa na bendi ya ofisi.

SEHEMU YA 5: Hela ilihamia wapi?

Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini. Intaneti ikaanza kushuka bei, simu za bei nafuu zikafika hadi vijijini. Mwaka 2015 ikatoka Boomplay huko Nigeria, ikawa inakuja tayari ndani ya simu za Tecno. Spotify ikafika Tanzania 2021. Na katikati ya yote ni YouTube. Juni 2020 Diamond Platnumz alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni 1 kwenye chaneli yake ya YouTube. Mtoto wa Tandale! Bila bendi ya chama, bila kuuza kanda.

Lakini nikuulize, wewe mara ya mwisho kununua wimbo ilikuwa lini? Wengi mtasema sijawahi. Kweli, hujanunua wimbo. Umenunua bando.

Hapo ndipo hela ilipohamia. Zamani mia tano yako ilikwenda kwenye kanda, na kitu kidogo kikamfikia msanii kama haikuwa ya kunakili. Leo inakwenda kampuni ya simu. Msanii analipwa na matangazo, tena kwa kiwango kinachotegemea msikilizaji yuko nchi gani, maana mtangazaji hulipa zaidi kumfikia mtu wa Marekani kuliko mtu wa Ngara. Ndiyo maana wasanii wakubwa wakageuka wafanyabiashara: mwaka 2017 Diamond alikuwa anauza manukato na karanga zenye jina lake. Wimbo ukawa tangazo, karanga ndiyo bidhaa. Na msanii mdogo asiye na karanga, ngoja tu.

Sasa tuingie jikoni. Kanda ilinunuliwa mara moja. Bando linanunuliwa kila siku na usiku linakufa hata kama hujalimaliza. Chukua kalamu. Ukinunua kifurushi cha shilingi 500 kila siku, kwa mwezi ni 15,000. Mkiwa wawili wenye simu, ni 30,000. Pembeni andika bei ya mayai, dagaa na maharage ya soko lako. Sisemi bando ni dhambi. Linatuletea salamu za ndugu, hela za simu, hata mafunzo ya afya. Nasema kwamba hela hii haionekani kwa sababu inatoka vipandevipande. Kanda ya 15,000 mngeijadili kwanza mume na mke. Bando halijadiliwi.

Dawa yake ni rahisi: nyimbo mnazozipenda zishusheni mara moja kwenye programu inayoruhusu, au zihifadhini kwenye memori kadi. Usiitazame video ileile mara thelathini kwa bando jipya kila mara. Video inakula bando mara nyingi zaidi ya sauti peke yake. Na kama kuna msanii au kwaya mnaipenda kweli, nunueni kazi yao au nendeni kwenye tamasha lao. Hela hiyo inafika.

SEHEMU YA 6: Anayefuata baada ya wimbo

Haya, sasa tunafika kliniki.

RTD ilikuambia ni RTD. Redio ya biashara ilimpigia tangazo lilelile kila mtu, na ukilalamika wenzako walilisikia pia. Simu haiko hivyo. Programu inaangalia umeshasikiliza nini, umesimama wapi, umetafuta nini. Mama aliyejifungua anatafuta nyimbo za kubembeleza, tayari imejua kuna mtoto mchanga ndani. Kinachofuata kimechaguliwa kwa ajili yake peke yake, na mume wake aliyekaa kiti cha pili hakioni. Mambo yanayotufikia mezani kwetu ni haya.

Maziwa ya kopo. Tangu 1981 dunia ina Kanuni za Kimataifa zinazokataza kuyatangaza kwa umma. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti baada ya kuchambua machapisho milioni 4 ya mitandaoni kuhusu ulishaji wa watoto wachanga. Yaliwafikia watu bilioni 2.47. Ripoti ilionyesha kampuni zinalipa watu maarufu, zinaunda vikundi vya kina mama, zinatoa ushauri wa bure, na mama hajui kama anatangaziwa. Mama, maziwa yako ya miezi sita ya kwanza hayana mpinzani. Ukiona yanapungua, njoo tukuangalie mtoto anavyoshika titi kabla hujatuma hela popote.

Dawa za "kusafisha kizazi" na "kuzibua mirija". Kizazi hakihitaji kusafishwa na unga wa mtandaoni. Ukiwa na uchafu unaonuka, maumivu au homa, huo ni ugonjwa unaopimwa na kutibiwa. Kila wiki unayopoteza na unga, ugonjwa unapanda juu.

Mikopo ya simu. Inakuja hivyohivyo, katikati ya wimbo na wimbo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni. Mama mwenye deni la namna hiyo halali, hali vizuri, na kupima presha yake kliniki ni kazi.

Na watoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Kwa wakubwa kidogo vipo vya kujivunia: Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa 2014, inafundisha hesabu kwa nyimbo za Kiswahili, na Akili and Me ni ya wadogo. Kaa naye mtazame pamoja, kikiisha zima. Usiiache simu ichague kinachofuata.

Kwa mtoto mchanga huna haja ya kutafuta popote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1980 ulionyesha watoto wasiozidi siku tatu wakibadilisha namna ya kunyonya chuchu ya bandia ili tu wasikilizishwe sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Wameisikia tangu tumboni. Hata kama hujui kuimba, kwake yeye unajua.

Basi nawaachia swali moja la kuuliza kila wimbo wa bure unapoisha: nani amelipa, na sasa anataka nini? Ukijibu "ni Wizara, wanataka nipeleke mtoto chanjo", sawa, nenda. Ukijibu "sijui", usitume hela, uliza kwanza.

Na kazi ya nyumbani. Bado tunao bibi zetu wanaojua bembelezo za Kihangaza, na wanaondoka nazo. Simu hiyohiyo ina kirekodi sauti. Jumapili mkienda kusalimia, muombeni bibi aimbe, rekodini, mrushe kwenye kikundi cha familia, kwa shangazi aliyeko Mwanza na kaka aliyeko Dar. Haili bando kubwa. Hugh Tracey alikuja na mashine ya kubebwa kwenye gari, wewe unayo mfukoni.

Atakayerekodi aniandikie hapa chini wimbo unaitwaje na bibi ni wa kijiji gani. Wiki ijayo tunarudi kwenye uji wa mtoto wa miezi sita. Usiku mwema.